Mgonjwa Asidondoke Kati ya Mikono Miwili



Mwezi huu tuzungumze juu ya dakika chache ambazo wengi wetu hatuziangalii, ijapokuwa hutokea kila siku, asubuhi, jioni na usiku, katika kila wodi nchini. Ni dakika za kupokezana zamu. Wauguzi wenyewe huziita "kutoa ripoti". Aliyekesha anajiandaa kuondoka, aliyefika anafungua kitabu, na kati yao wamelala wagonjwa ishirini au thelathini ambao hawaendi popote. Yote ayajuayo yule anayeondoka hayana budi kuhamia kichwani mwa yule anayebaki. Lisilohama limepotea, na mara nyingi anayelipa gharama yake ni mgonjwa aliyelala bila kujua lolote.

Huenda unasema moyoni, "Hayo ni mambo ya manesi, mimi yananihusu nini?" Dada, yanakuhusu. Leo unamuuguza mama mkwe, kesho umelazwa wewe mwenyewe, keshokutwa binti yako yuko leba. Tena najua kwamba wengi wanaosoma ukurasa huu ni wauguzi, wakunga na wahudumu wa afya, au wana mabinti walio katika vyuo vya uuguzi. Basi tusikilizane wote.

MPANDA, MJI WA KUPOKEZANA

Tuchukue Mpanda iwe mfano wetu. Ni mji ulio mwisho wa tawi la reli litokalo Kaliua, na tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa. Tazama ramani uone wagonjwa wake wanatoka wapi. Wapo wanaotoka Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Wapo wa Mishamo, zaidi ya kilometa 100 kutoka mjini. Wapo wa Katumba, Inyonga na Mpimbwe. Masika barabara huharibika, na safari ya saa tatu huweza kuwa ya siku nzima.

Mama mwenye uchungu uliokwama huanzia zahanati ya kijiji. Kutoka hapo hupelekwa kituo cha afya, na kutoka kituo cha afya hupelekwa hospitali ya mjini. Akifika kitandani amekwisha kupita mikononi mwa mkunga wa zahanati, dereva, muuguzi wa mapokezi, daktari wa zamu na mkunga wa leba. Saa chache baadaye zamu inabadilika, anaingia mwingine tena. Ni mikono mitano au sita kwa mama mmoja, katika usiku mmoja. Kila anapotoka mkono huu kwenda ule ni kama kuvuka mto juu ya gogo. Wengi huvuka salama, lakini gogo ni gogo.

Zamani mambo yalikuwa tofauti. Pale Karema, tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 hadi alipofariki mwaka 1956, alihudumu Dokta Adrian Atiman, Mwafrika aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari na kusomea uganga Malta. Kwa zaidi ya miaka sitini alitibu watu mahali pamoja. Mganga wa namna hiyo alimjua mgonjwa wake, na mama wa mgonjwa wake, na bibi yake pia. Aliyoyaona usiku aliyakumbuka asubuhi, kwa kuwa aliyekesha na aliyeamka ni mtu yule yule.

Sisi leo hatuuguzwi na mtu mmoja. Tunauguzwa na watu wengi, kila mmoja kwa saa zake. Hilo ni jema, maana muuguzi aliyechoka ni hatari. Lakini linadai jambo moja ambalo mganga wa pekee hakulihitaji sana: kuambizana kwa utaratibu.

Mpanda ina uzito mwingine. Katika wodi moja utamkuta Mpimbwe, Mkonongo, Mbende na Mfipa, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake, na watu wenye asili ya Burundi ambao wazazi wao walikimbilia Katumba na Mishamo miaka ya 1970. Si kila bibi anayelazwa anajua Kiswahili cha kutosha kueleza maumivu yake. Tena akina mama wengine ni watoto bado. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba Katavi iliongoza nchini: kati ya wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba. Msichana wa miaka 16, mgeni mjini, aliye na haya ya kusema, hawezi kumfuata muuguzi mpya na kumwambia, "Dada, yule mwenzako alisema damu yangu inasubiriwa." Asipomsemea muuguzi anayeondoka, hana msemaji.

RIPOTI ISIYOSEMA KITU

Sikiliza ripoti hii. Ni ya kubuni, lakini kila aliyefanya kazi wodini ataitambua sauti yake:

"Wodi ni shwari. Kitanda cha 4 dripu inaendelea. Kitanda cha 5 anasubiri daktari. Kitanda cha 6 amejifungua usiku, mama na mtoto wazima. Kitanda cha 7 analalamika tumbo. Haya, kazi njema."

Si uongo. Kila neno ni kweli. Lakini sasa tumtazame mama wa kitanda cha 6. Alijifungua saa 5 usiku. Baada ya kujifungua alitokwa damu nyingi kuliko kawaida. Alichomwa sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, damu ikapungua. Maabara iliombwa damu chupa mbili, haijaletwa. Tangu saa 8 usiku hajakojoa. Mapigo ya moyo yanapanda.

Mkunga wa asubuhi amesikia "mama na mtoto wazima". Basi anamkimbilia mgonjwa wa kitanda cha 7, kwa kuwa analia. Yule wa kitanda cha 6 hali wala halii, amenyamaza tu. Na mama anayepungukiwa damu mara nyingi hunyamaza.

Tukumbushane mambo matatu ambayo kila mwanamke angepaswa kuyajua. Kwanza, saa 24 za mwanzo baada ya kujifungua ndizo za hatari zaidi kwa kutokwa damu. Pili, mapigo ya moyo hupanda kabla presha haijashuka, hivyo anayesubiri presha ishuke amechelewa. Tatu, kibofu kilichojaa huzuia mfuko wa uzazi usikaze vizuri, ndiyo maana swali la kama mama amekojoa si swali dogo. Mambo hayo matatu yote yalijulikana kwa mkunga wa usiku. Yalitoka naye mlangoni.

Mfano wa pili. Mama mwenye kifafa cha mimba hupewa dawa ya magnesiamu salfeti. Kwa utaratibu wa sindano za kwenye msuli, huchomwa kila baada ya saa 4, mpaka zitimie saa 24 tangu ajifungue au tangu degedege la mwisho. Sasa sindano ya saa 12 asubuhi imechomwa, lakini muuguzi aliitwa haraka kwa mgonjwa mwingine, hakuandika. Saa 1:30 anayepokea zamu anaona nafasi tupu kwenye chati. Akidhani haikuchomwa, atachoma tena, na dawa hiyo ikizidi mwilini hulegeza misuli na kuzuia pumzi. Akidhani imechomwa kumbe haikuchomwa, degedege linaweza kurudi. Njia zote mbili zina shimo, na linalozitenganisha ni sentensi moja: "Amechomwa saa 12, nyingine ni saa 4." Ndiyo sababu mafunzo husisitiza kwamba kabla ya kila sindano muuguzi ahesabu pumzi, zisiwe chini ya 16 kwa dakika, apime kama goti linashtuka likigongwa, na atazame kiasi cha mkojo. Pia dawa ya kuizima, kalsiamu glukoneti, iwe karibu. Chati ikikosea, mwili wa mgonjwa wenyewe utatoa ripoti.

WENZETU WAMEJIFUNZA NINI

Shida hii si ya Mpanda peke yake, wala si ya nchi maskini tu. Florence Nightingale, katika kitabu chake juu ya uuguzi kilichotoka London mwaka 1859, alitenga sura nzima kwa jambo hili: jinsi ya kupanga kazi ili mgonjwa asikose huduma wakati muuguzi wake hayupo.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitangaza njia tisa za kumlinda mgonjwa asidhurike akiwa hospitalini. Mojawapo ilikuwa mawasiliano wakati wa kupokezana wagonjwa. Njia iliyopendekezwa ni ile iitwayo SBAR, ambayo asili yake ni wanamaji wa Marekani waliofanya kazi katika nyambizi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu wa kampuni ya Kaiser Permanente kule Colorado waliichukua na kuileta kwa wagonjwa. Ina hatua nne, nazo kwa lugha yetu ni hali ya sasa, historia, maoni yako, na ombi lako. Hufaa sana unapompigia daktari simu usiku.

Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi mkubwa katika hospitali 9 za watoto huko Marekani na Kanada. Madaktari vijana walifundishwa kupokezana wagonjwa kwa utaratibu uitwao I-PASS, wenye hatua tano. Makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23, na madhara yaliyoweza kuzuilika yalipungua kwa asilimia 30. Tena, na hili ulishike, muda wa kutoa ripoti haukuongezeka kwa kiasi cha kuonekana. Ulikuwa kama dakika mbili na nusu kwa mgonjwa, kabla na baada. Waliosema "hatuna muda" walikuta muda ni ule ule, ila maneno yamepangwa.

Wala usidhani haya ni ya Wazungu tu. Mwaka 2009 dunia ilisoma habari za orodha ya usalama ya thieta, karatasi moja ambayo timu huisoma kwa sauti kabla na baada ya upasuaji: mgonjwa ni nani, anapasuliwa wapi, vifaa vyote vimehesabiwa? Ilijaribiwa katika hospitali za miji 8, na mmoja wa miji hiyo ulikuwa Ifakara yetu, katika hospitali ya Mtakatifu Fransisko, sawia na London, Toronto na Seattle. Katika hospitali zote kwa pamoja, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo mengine kutoka asilimia 11 hadi 7. Haikuwa mashine mpya. Ilikuwa watu kusemezana kwa mpango.

Na ile patografu ambayo kila mkunga anaijua imetoka Afrika. Philpott na Castle waliitangaza mwaka 1972 wakiwa katika mji ambao leo unaitwa Harare. Waliweka mistari miwili juu ya karatasi ya uchungu, wa tahadhari na wa kuchukua hatua, ili mkunga aliye mbali ajue mapema ni saa ngapi mama apelekwe hospitali. Baadaye, katika uchunguzi uliohusu wanawake zaidi ya 35,000 kusini mashariki mwa Asia, uliotangazwa mwaka 1994, uchungu wa muda mrefu ulipungua karibu nusu. Je, patografu si ripoti ya zamu iliyochorwa? Mkunga anayepokea haulizi mengi. Anaangalia mstari unaelekea wapi.

HATUA TANO ZA KUKUMBUKA

Sasa tuje kwenye utaratibu wenyewe. Nimeupanga kwa maswali matano ya Kiswahili, kwa kufuata hatua za I-PASS. Yaandike kwenye karatasi, ubandike juu ya meza ya ripoti.

1. Ni mzito kiasi gani? Sema kwanza kama mgonjwa ni mahututi, wa kuangaliwa kwa karibu, au anaendelea vizuri. Usianze na kitanda cha 1 kwa sababu ni cha 1. Anza na aliye mzito kuliko wote.

2. Ni nani, na amepitia nini? Umri, ametoka wapi, ameletwa kwa nini, amefanyiwa nini, vipimo vya mwisho na saa vilipochukuliwa. Sema pia anazungumza lugha gani.

3. Kazi gani imebaki? Dawa ipi, saa ngapi. Majibu yapi yanasubiriwa. Nani ameahidi kuja.

4. Tuogope nini? Likitokea hili, fanya hili, mwite fulani.

5. Umesikiaje? Anayepokea arudie kwa maneno yake, na aulize.

Sikiliza sasa mkunga kijana akimpa ripoti mkunga mzee:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa kukesha."

"Asante, mama. Naomba tuanze na kitanda cha 6, ndiye mzito kuliko wote. Ana miaka 19, uzazi wa kwanza, ameletwa kwa rufaa kutoka Mishamo. Anasema Kirundi zaidi, dada yake yuko nje anatafsiri. Alijifungua saa 5 usiku, mtoto wa kike, kilo 2.8, ananyonya. Alitokwa damu tukaikadiria lita moja. Tulimpa oksitosini, mfuko wa uzazi ukakaza. Saa 12 presha ilikuwa 90 kwa 60, mapigo 112. Maabara tumeomba damu chupa mbili tangu saa 9, haijaja. Hajakojoa tangu saa 8. Wasiwasi wangu ni kwamba bado anapoteza damu. Daktari wa zamu nimempigia, yuko njiani. Mapigo yakizidi 120, au damu ikianza kutoka tena, usisubiri raundi."

"Nimekusikia. Kitanda cha 6, ametokwa lita moja, mapigo 112 na presha 90 kwa 60 saa 12. Nifuatilie damu maabara sasa hivi, nimtoe mkojo, nimkague mfuko wa uzazi, daktari anakuja. Yakizidi 120 nisisubiri. Kuna mtu wa kwenda maabara?"

"Mhudumu yupo, mama."

"Haya, twende tukamwone."

Haikuchukua dakika mbili. Lakini angalia hatua ya tano, ile ya kurudia. Watu wa Mpanda wanaojua mambo ya reli wataielewa upesi. Katika utaratibu wa kale wa reli yenye njia moja, stesheni masta hakuachia garimoshi liondoke kwa kudhani tu kwamba mbele ni kweupe. Aliuliza stesheni ya mbele, akasubiri jibu, akaliandika. Kusema hakukutosha. Ilibidi ajue kwamba mwenzake amesikia. Na ripoti ya wodini iwe hivyo.

HESHIMA ISIZIBE MDOMO

Kuna kizuizi ambacho sisi tunakijua vizuri. Ni adabu yetu. Binti aliyemaliza chuo juzi anapokea ripoti kutoka kwa muuguzi wa umri wa mama yake. Hakusikia vizuri kiasi cha dawa. Je, atauliza? Anaona haya. Anasema "ndiyo, mama", halafu anakwenda kubahatisha.

Dada zangu mlio wakubwa kazini, mlango huo ufungueni ninyi. Kila mwisho wa ripoti uliza: "Nimesahau nini? Kuna lisiloeleweka?" Ukiulizwa, usijibu kwa ukali, wala usiseme "Chuoni mlifundishwa nini?" Neno hilo moja litamfunga mdomo binti kwa miaka mitatu, na siku atakayonyamaza huenda aliyelala kitandani ni ndugu yako. Nanyi vijana, kuuliza si kukosa adabu. Sema kwa upole, "Samahani mama, naomba nirudie ili niwe na hakika." Hakuna mzee mwenye busara atakayechukia hilo.

"WODINI TUKO WAWILI TU"

Najua jibu litakalotoka kwa wauguzi wengi: haya ni mazuri, lakini sisi ni wachache, wagonjwa ni wengi, na bodaboda inasubiri nje. Ni kweli, na halipaswi kufichwa. Utaratibu hauleti muuguzi wa tatu. Lakini hapo ndipo unapohitajika zaidi, maana watu wachache hawana nafasi ya kurekebisha kilichosahaulika. Jaribuni haya:

Wagonjwa wazito wapewe ripoti kamili ya hatua tano, wanaoendelea vizuri watajwe kwa sentensi moja moja. Andika papo hapo kila unapofanya jambo, usingoje mwisho wa zamu ukumbuke yote ukiwa na usingizi. Wakati wa ripoti simu zizimwe na ndugu waombwe kusubiri dakika chache, isipokuwa kuna dharura. Kabidhianeni pia mitungi ya oksijeni, mashine ya presha na funguo za kabati la dawa kali, kwa kuhesabu, si kwa kusema "vipo". Mpangaji wa zamu aweke dakika 15 za kukutana kati ya zamu mbili. Na anayechelewa kuja ajue hachukui muda wa mwenzake tu. Anamchukulia mgonjwa ripoti yake, kwa sababu mtu anayetaka kukimbia husema "wodi ni shwari".

Na yule mkunga aliye peke yake katika zahanati ya kijiji, asiye na wa kumpokea? Kitabu chake ndicho mwenzake. Akienda mjini kuchukua dawa au kuhudhuria semina, aache kitabu kinachosema, na mama anayepelekwa rufaa aende na barua yenye majibu ya maswali yale matano pamoja na patografu yake. Dereva ni mtu mwema, lakini si barua.

KITANDANI, LAKINI SIRI ILINDWE

Inafaa ripoti ya wagonjwa wazito itolewe kando ya kitanda. Dripu inaonekana, damu inaonekana, na mgonjwa mwenyewe anaweza kusema, "Sista, dawa ile sikupewa." Lakini wodi zetu hazina kuta. Kitanda cha 6 anasikia habari za kitanda cha 7, na shangazi yake pia. Habari za virusi vya UKIMWI, mimba iliyoharibika, au binti aliyenajisiwa zisemwe mezani kwa sauti ya chini, au zionyeshwe kwenye faili kwa kidole. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri hiyo. Ndoa zimevunjika kwa ripoti iliyotolewa kwa sauti kubwa.

WEWE UNAYEUGUZA

Sasa nawageukia akina mama wengine. Katika hospitali zetu ndugu ndiye anayelisha, anayeosha na anayekesha. Na ndugu nao hupokezana zamu! Shangazi anaondoka alfajiri, mke wa kaka anaingia na uji, na hawaambizani lolote ila "ameamka salama". Chukueni daftari la shule, kila anayekaa aandike: amekula nini, amekunywa kiasi gani, amekojoa saa ngapi, amepewa dawa gani, ametapika au ameharisha mara ngapi, muuguzi amesema nini. Muuguzi wa asubuhi akiuliza, mnalo jibu.

Siku ya kuruhusiwa, hospitali inamkabidhi mgonjwa kwako. Hiyo nayo ni ripoti ya zamu, na wewe ndiye unayepokea. Usitoke mlangoni kabla hujajua mambo haya: anaumwa nini, dawa ipi kwa saa ngapi na kwa siku ngapi, arudi lini, na dalili gani ikitokea tusisubiri hadi tarehe hiyo. Kisha rudia kwa sauti: "Kwa hiyo hivi ni viwili asubuhi na viwili jioni kwa siku tatu, akishindwa kunyonya au akipata degedege nimrudishe hata usiku." Usione aibu. Kurudia ni haki yako.

Na mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga akizidiwa mbali na hospitali, ipo namba ya simu isiyolipiwa, 115, ya mfumo wa m-mama, ambao tangu mwaka 2022 umepelekwa nchi nzima kwa ajili ya usafiri wa dharura. Ukipiga, yatumie maswali yale yale: ni mzito kiasi gani, ni nani, amefanyiwa nini, unaogopa nini, uko wapi.

Nchi yetu imepiga hatua. Utafiti wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Sababu ni nyingi, na kazi imefanywa na wengi. Lakini 104 bado ni akina mama, kila mmoja na jina lake, na baadhi ya yaliyobaki hayangoji jengo wala mashine. Yanangoja mtu aseme, mwingine asikie, na aliyesikia arudie.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Mara ya mwisho mlipomuuguza ndugu hospitalini, ndugu wanaopokezana waliambizana nini? Ni kitu gani kilisahaulika?

2. Kati yetu yupo muuguzi au mkunga? Tumwombe atuonyeshe anavyotoa ripoti, nasi tumwulize kinachomzuia kuitoa vizuri.

3. Kijijini kwetu, mama akizidiwa usiku, nani anapiga simu, na anajua atasema nini?

4. Binti zetu tunawalea waweze kumwuliza mtu mzima kwa adabu, au tunawalea wanyamaze?

Mjibizane kwa upendo. Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza juu ya kutunza dawa nyumbani. Hadi hapo, mbaki salama, ninyi na wote mnaowauguza.